Siku ya Karura na watoto wawili

Mwanangu,

Umeniuliza kama msitu wa Karura, huo wa hapa Nairobi, unamfaa mtoto wa miaka mitatu na yule wa saba, na muanzie wapi. Unafaa sana, ila pangeni siku kwa miguu ya yule mdogo, si kwa ramani.

Ingieni kwa lango la Limuru Road saa tatu asubuhi, kabla watu hawajajaa. Malipo ni ya simu, kwa hivyo iwe na chaji. Bebeni maji lita moja kwa kila mkubwa na nusu lita kwa kila mtoto, kwenye chupa za kudumu. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku katika misitu yetu ya hifadhi tangu Juni 5, 2020.

Nendeni kwanza kwenye maporomoko. Njia panda zina vibao vya namba. Piga picha ramani ya langoni mzifuate. Wengi husahau safari ya kurudi: kushuka mtoni ni rahisi, kupanda ndiko kunakowaliza watoto. Kigari kitakwama kwenye ngazi, kwa hivyo mdogo abebwe mgongoni kwa leso. Mkifika kwenye mapango ya Mau Mau, wale wapiganaji wa uhuru, mweleze huyo mkubwa nani alijificha humo miaka ya 1950. Mwambie pia habari za Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyepigwa Karura Januari 1999 akipanda mti ili msitu usigawiwe wajenzi. Mtoto wa miaka saba anaelewa, na anastahili kujua.

Wavae suruali ndefu, na soksi zipande juu ya suruali, hasa baada ya mvua. Siafu wakiwapanda, ondokeni kwanza kwenye mstari wao ndipo muwatoe mmoja mmoja. Watu hubaki palepale wakipigapiga miguu, na siafu wanazidi kupanda.

Pale River Café Jumapili hujaa, kwa hivyo agiza chakula cha watoto kabla hawajalia njaa. Mkibeba chenu, kiwe kwenye vyombo vyenye vifuniko. Kima hunyakua, na ukimlisha mmoja leo, kesho atamvamia mtoto wa mwenzako.

Uwanja wa michezo uwe wa mwisho. Wakianzia kwenye bembea hawatatoka, na mtajikuta mnapanda kilima jua la utosi. Acheni nguo za kubadilisha garini, jozi moja kwa kila mtoto. Ule udongo mwekundu hautoki kwenye viti.

Mama yako