Pima kwanza, pampu ya oili utainunua baadaye

Juzi kijana mmoja wa Likasi aliniandikia: "Yaya, injini yangu ya Subaru EJ20 imefunguliwa yote, beringi ni mpya, turbo nimeweka kubwa zaidi. Ninunue pampu ya oili ya milimita 12 au nibaki na ya 10?" Hapa Lubumbashi swali hili halikauki, na karibu kila anayeliuliza ameshaambiwa na fundi wake kwamba kubwa ndiyo bora.

Hata mimi niliambiwa hivyo. Fundi aliyekuwa na injini yangu, mtu wa jina kubwa mjini, alinicheka mbele ya vijana wake niliposema nataka kwanza kujua nafasi kati ya beringi na kranki. "Hayo ni mambo ya vitabu," akasema. Neno lile linaniuma hadi leo. Niliipakia injini vipande vipande, nikaipeleka kwa mzee mmoja komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Alilaza uzi mwembamba wa plastiki juu ya kranki, akafunga kepu ya beringi kwa spana ya kipimo, akafungua tena, akalinganisha upana wa uzi uliopondeka na mistari ya kwenye karatasi yake. Beringi baada ya beringi, bila haraka. Nafasi ilikuwa karibu milimita 0.05 kote. "Chukua ya 11," akaniambia.

Milimita hizo ni unene wa rota ya pampu. Rota nene husukuma oili nyingi zaidi kila mzunguko, lakini presha huzaliwa pale oili inapobanwa kupita kwenye beringi. Nafasi ikiwa ndogo, oili ya ziada haina pa kwenda: vali ya presha inafunguka na kuirudisha ilikotoka, huku pampu ikila nguvu za injini na kuipasha oili moto bure. Nafasi ikiwa pana, oili inatoroka upesi, na hapo ndipo ya 12 inapostahili pesa yake. Basi, mdogo wangu, pima kwanza.

Leo gari langu linapanda barabara ya Likasi na turbo imejaa, oili ikiwa moto, na kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika geji ya presha ya oili inasoma bar 4 na ushee. Watu wa mashindano huhesabu takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Nimeridhika, na najua kwa nini nimeridhika.

Vijana, msikubali kunyamazishwa gereji! Injini ni yako na pesa ni yako. Dai vipimo, viandikwe, na asiyetaka kupima asiguse kranki yako. Pampu ikifika, hata mpya kabisa, fungua skrubu za bamba la nyuma, zitie gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia skrubu kulegea, uzikaze upya. Kwenye EJ zinajulikana kulegea, na zikilegea presha inashuka. Bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, karai la oili chini ya injini, nalo hupasuka kwenye maungio, kwa hiyo liangalie kwa tochi. Mwisho, jaza vaselini ndani ya pampu ili ishike oili mapema, toa plagi, kata umeme wa koili na wa injekta, kisha zungusha kwa stata mpaka sindano ya geji ipande. Isipopanda, usiwashe.