Jibu: Mwanangu wa miaka 15 anaogopa watu, nimpeleke timu ya mpira?
Pole dada. Mpira ni mzuri, ila usianzie timu, jamani! Kukosea pasi mbele ya wenzake ndicho hasa anachokiogopa. Wangu nilianza naye kukimbia alfajiri huku Shanty Town, Moshi, wawili tu, kimya kimya. Moyo kwenda mbio, jasho, pumzi kukatika: ndizo dalili zilezile zinazomtisha akiitwa ubaoni. Akizizoea akikimbia, zinapungua makali. Baadaye akajiunga binamu yake, mwisho wakaenda zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 60 kwa siku kwa umri huo; sisi tulianza na 20. Wako akifikia kukataa shule, mazoezi peke yake hayatoshi, mpeleke hospitali kama KCMC ya hapa Moshi akaonwe na mtaalamu wa afya ya akili.