Simamisha hiyo oda ya stika, jina lina mwenyewe

Mkuu, kabla ya yote simamisha hiyo oda ya stika. Umeuliza msaada wa LibreOffice, ile programu huria ya kazi za ofisi, utoze kwa mwezi au kwa kila tatizo, na mteja akikutana na hitilafu umpeleke wapi. Kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho: kampuni utaiita "LibreOffice Pro", nembo yao utaiweka mbele, na tovuti umeshailipia. Njia hiyo nimeipita, najua inapoishia.

Wakati naanza nilimlipa mshauri wa biashara. Nilipomuuliza kuhusu jina, alinijibu bila hata kuifungua leseni: "Hii ni programu huria, kila kitu bure, wewe tumia tu." Nikamwamini. Nikabadilisha picha inayotokea programu inapofunguka, nikaiondoa Base (sehemu ya hifadhidata), nikaongeza violezo vyangu, nikauza kwa jina lilelile na nembo ileile. Mpaka leo nikimkumbuka yule bwana nachemka, maana jibu lilikuwemo ndani ya leseni yenyewe. LibreOffice inatolewa kwa leseni ya MPL 2.0 (Mozilla Public License), na kifungu cha 2.3 kinasema wazi kwamba leseni haikupi haki ya alama za biashara wala nembo. Apache OpenOffice, programu nyingine ya ofisi, nayo ni hivyohivyo, soma kifungu cha 6 cha leseni ya Apache 2.0. Dakika mbili tu, na mtu nimemlipa asome!

Nikapata mteja mkubwa, mkataba wa mwaka mzima, kompyuta zaidi ya mia. Wakili wake akaweka kidole juu ya nembo kwenye ukurasa wa kwanza: "Barua ya kuruhusiwa kutumia hii iko wapi?" Nikaanza kumweleza habari za programu huria. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia swali lilelile. Barua sikuwa nayo. Mkataba ukafa palepale. Wiki ile nilikaa sakafuni nakwangua stika kwa wembe, boksi moja baada ya jingine, gundi imeganda vidoleni. Vipeperushi vyote vikatupwa, tovuti nikaifunga, wateja wa zamani nikawapigia mmoja mmoja kuwaeleza kwa nini jina limebadilika. Wawili walidhani nimefilisika, wakahama. Na msicheke, gundi ile ilikuwa haitoki hata kwa mafuta ya taa.

Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, unaruhusiwa kuutumia, kuubadilisha na kuuuza. Jina lina mwenyewe. Hata hili jina LibreOffice lilizaliwa kwa sababu hiyo: mwaka 2010 waendelezaji walipojitenga na kuanzisha The Document Foundation, taasisi inayosimamia LibreOffice, msimbo wa programu ya OpenOffice.org waliondoka nao, jina likabaki kwa kampuni ya Oracle. Waliliomba, hawakupewa. Debian nao, watengenezaji wa mfumo endeshi huria, baada ya kubadilisha vitu ndani ya kivinjari cha Firefox, tangu 2006 walilazimika kuiita Iceweasel, wakaja kulirudia jina la Firefox 2016. Kama hao waliotengeneza vitu wenyewe waliliacha jina la mwenzao, mimi na wewe ni nani?

Kwenye tangazo andika "tunatoa msaada kwa watumiaji wa LibreOffice", hapo unaeleza kazi yako tu. Kampuni ipe jina lako. Kampuni ya Collabora wamejenga bidhaa juu ya msimbo huohuo na wanaiita Collabora Office. Ukitaka jina la LibreOffice au nembo yake kwa zaidi ya hapo, The Document Foundation wana sera ya alama za biashara kwenye tovuti yao. Isome, waandikie, usubiri jibu la maandishi. Na kama umegusa chochote ndani ya programu, hata ile picha ya kufungulia, usithubutu kuiuza kwa jina lao kabla ya jibu hilo.

Mchapaji ameshaanza kukata? Kama bado, mpigie sasa hivi. Kama ameanza, mwambie aishie hapohapo alipofika.