Kabla hujaacha wodi ukakimbilie kochi la uchambuzi

Swali ambalo madaktari wenzangu huniuliza huwa linakuja hivi: "Mkuu, nimechoka na wodi. Wagonjwa sitini kwa siku, dakika tano tano. Nataka kusikiliza watu kwa utulivu. Nisomee uchambuzi wa nafsi?" Jibu langu la kwanza huwaudhi wengi. Nawaambia: kama umechoka, omba likizo. Uchambuzi wa nafsi, yaani saikoanalisia, ile tiba ya mgonjwa kulala kwenye kochi na kusema yote yanayomjia, si mahali pa kupumzikia, na anayeuingia akikimbia kitu, kitu hicho hicho atakikuta kimemtangulia chumbani.

Jibu la pili ni refu kidogo, ndilo naliandika hapa ili nisilirudie kila mara.

Mafunzo ya saikoanalisia yamekaa juu ya mafiga matatu, na mpangilio huo umetoka taasisi ya uchambuzi ya Berlin ya miaka ya 1920. La kwanza, wewe mwenyewe unachambuliwa. La pili, unachambua wagonjwa wachache chini ya msimamizi ambaye mnakutana naye kila wiki. La tatu ni darasa: nadharia, maandishi ya Sigmund Freud, mwasisi wa tiba hii, na waliomfuata, majadiliano ya kesi. Madaktari hulikimbilia hilo la tatu kwa sababu kusoma tumezoea. Kumbe sufuria hulemea zaidi lile la kwanza.

Piga hesabu. Mara nne kwa wiki, dakika 45 au 50 kila kikao, tuseme wiki 40 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni vikao 800 vya kulala kwenye kochi ukiongea, na mtu aliyeketi nyuma ya kichwa chako akisikiliza. Kwa kawaida unalipa mwenyewe, na msimamizi naye unamlipa. Jumlisha na miaka ya udaktari, ya mafunzo ya vitendo, na ya ubingwa wa magonjwa ya akili, halafu usishangae ukipita arobaini bado unaitwa mwanafunzi. Mimi nilikuwa na mvi za kutosha siku niliyopokea cheti.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kochi niliupoteza. Nilikuwa nikifika na historia yangu nimeipanga kama faili la mgonjwa: malalamiko makuu, yalianza lini, yaliyomo kwenye familia. Nikimaliza, nasubiri niambiwe ugonjwa wangu ni upi. Jibu halikuja. Siku moja nilichelewa dakika kumi, nikaanza kueleza foleni ya magari kwa kirefu, na mchambuzi wangu akasema tu, "Umeomba radhi mara sita." Nikanyamaza. Kilichofuata sitakisimulia, lakini kuanzia siku ile ndipo nilianza kuchambuliwa.

Kisha ikaja zamu yangu ya kukaa nyuma ya kochi. Mgonjwa wangu wa kwanza chini ya usimamizi (nimebadilisha mengi, hatajitambua) alilala, akakunja mikono kifuani, akanyamaza. Dakika tano. Kumi. Nikaona mkono wangu wa kulia umeshika kalamu na unatafuta karatasi ya kuandikia dawa, wakati chumba kile hakikuwa na karatasi hiyo. Nikaishia kumuuliza kuhusu usingizi na hamu ya kula. Alijibu vizuri sana, kwa utaratibu, na kikao kikafa. Nilipomsimulia msimamizi, aliniuliza: "Hayo maswali yalikuwa yanamtuliza nani?"

Hapo ndipo penye kazi ngumu kwa daktari. Miaka yote tumefundishwa kutenda: damu ikitoka, zuia, homa ikipanda, ishushe. Tena tumezoea "ahsante daktari". Kwenye uchambuzi mgonjwa anakuhamishia hisia alizokuwa nazo kwa watu wa kwanza maishani mwake, na si zote tamu. Atakuchukia wiki tatu mfululizo kwa sababu ulikwenda likizo. Atakulipa mwisho wa mwezi kwa uso wa kukudharau. Ukikurupuka kumtuliza, umemnyima nafasi ya kuiona chuki hiyo na kujua imetoka wapi. Na ukijiona unamtetemekea, au unamsubiri kwa hamu kuliko wengine, mpelekee msimamizi habari hiyo mapema. Ya aibu ndiyo ipelekwe kwanza.

Lakini mkono ukitulia, sikio la daktari usilitupe. Hili limenigharimu. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mwaka wa pili pamoja, akaanza kuwa mzito: sauti imeshuka, maneno yanakuja polepole, anasikia baridi, anajifunika shali. Nami nikashona nadharia nzuri kuhusu msiba wa mama yake, maana tarehe ya kifo ilikuwa inakaribia. Wiki sita nikaishona. Siku aliposimama kuondoka nikautazama uso wake kwa jicho la zamani, la wodini: umevimba, ngozi kavu. Nilimwomba aende kwa daktari mwingine apimwe tezi ya shingo. Ilikuwa imelala, haifanyi kazi yake, na uzito ule ulitoka huko. Msiba ulikuwepo pia, tuliufanyia kazi baadaye, lakini wiki zile sita sijazisahau.

Mbona sikumpima mwenyewe? Kwa sababu anayesikiliza ndoto zako asubuhi hawezi kukufungua vifungo vya shati jioni bila kuvuruga yote. Ndiyo maana nashauri upate mwenzako unayemwamini wa kushughulikia mwili na, inapobidi, dawa. Wapo wachambuzi madaktari wanaoandika dawa wenyewe na wanamudu. Mimi najua kalamu yangu inavyokimbia, nimeiachia mwenzangu.

Nyongeza moja kwa wanaodhani digrii ya udaktari ni tiketi. Freud alihitimu udaktari 1881, lakini mwaka 1926 aliandika kumtetea Theodor Reik, mchambuzi mwenzake ambaye hakuwa daktari na alikuwa ameshitakiwa kwa kutibu bila leseni. Melanie Klein, mchambuzi maarufu wa watoto, hakuwa daktari. Anna Freud, binti yake Freud na mchambuzi pia, alianza kama mwalimu wa shule. Marekani chama cha wachambuzi kiling'ang'ania madaktari kwa miongo kadhaa, mpaka wanasaikolojia wakakipeleka mahakamani mwaka 1985. Darasani utakaa na mtu aliyesoma fasihi, na huenda akasikia mambo unayoyapita.

Kwa upande wangu, mfano ninaoupenda ni Donald Winnicott, daktari wa watoto London. Alikuwa mchambuzi na bado kliniki ya watoto hakuiacha kwa miaka kama 40. Aliweka kibao cha chuma cha kukandamizia ulimi, kinachong'aa, ukingoni mwa meza, akatazama mtoto aliyepakatwa na mama yake anavyokitamani, anavyosita, anavyokinyakua. Chombo cha kila siku cha daktari, ila safari hii daktari hakukigusa.

Basi fanya hivi. Maliza ubingwa wako, usiuache katikati. Baki na siku mbili tatu za kliniki hata ukishaanza, kwa sababu wagonjwa wawili tu wa mara nne kwa wiki ni vikao vinane na hawatakulisha, na ukiwa na njaa utamng'ang'ania mgonjwa aliyepaswa kuondoka. Tunza mgongo, kiti kinaua. Usiombe nafasi kwenye taasisi ya mafunzo kwanza; tafuta mchambuzi, uanze kama mgonjwa wa kawaida. Kama baada ya mwaka mzima unaamka kwenda kwenye kikao chako bila kutafuta kisingizio, jaza fomu ya taasisi. Mimi visingizio nilivitafuta hadi mwaka wa tatu, na fomu nikajaza hivyo hivyo.