Barua Zenu: Wiki 26 zinaisha na kazi bado hakuna

*Shikamoo mama. Ni msomaji wako wa Temeke. Kaka yangu yuko Ohio mwaka wa 9 sasa, alikuwa anafanya kazi kwenye ghala, wakapunguza watu na yeye akapunguzwa, tangu hapo analipwa hela ya wasio na kazi lkn kaniambia zimebaki wiki 3 tu zitimie 26 halafu basi. Baba amekasirika, anasema mwanaume mzima kulipwa kwa kukaa ni aibu, na matumizi hayaji tena nyumbani, kaka akipiga simu baba hapokei. Mimi nilisikia kuna wakati watu huko walilipwa mpaka wiki 99, sasa kwanini kaka asiongezewe na yeye? Na je baba ana haki kusema hivo?*

Marahaba mwanangu. Nianze na baba, maana hapo ndo naona pameuma zaidi. Hiyo hela ya wiki 26 ni bima. Kule mwajiri anatozwa kodi kwa kila mfanyakazi alionae, hela inaingia kwenye mfuko, na mfanyakazi akipunguzwa bila kosa lake mfuko unamlipa kwa kukadiria kama nusu ya mshahara wake, na kuna kiwango cha juu ambacho jimbo limeweka hakivukwi. Sheria yake ilitiwa saini na Rais Roosevelt Agosti 1935, nchi ikiwa hoi kwa ule mdororo mkubwa. Kwa hiyo miaka yote kaka yako akibeba maboksi kuna hela ilikuwa inawekwa pembeni kwa ajili ya siku kama hii. Mwambie baba hata NSSF yetu ina fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6, na yeye angeachishwa angekwenda kulidai mchana kweupe na wala asingemficha mtu.

Naongea hivi kwa sababu hela hiyo na mimi niliila. Nilikuwa Columbus, Ohio, Aprili 2009 kiwanda nilichokuwa nafanya kikafunga zamu nzima ya usiku, tulikuwa kina mama wengi wa kutoka kwetu huku, tukapewa barua mlangoni tukiwa bado na aproni. Kila Jumapili nakaa mezani jikoni na simu, sauti ya mashine inauliza, wiki hii ulikuwa mzima wa kuweza kufanya kazi? bonyeza 1 kama ndiyo, 2 kama hapana. Ulikuwa tayari kuanza mara moja? Uliomba kazi? Kuna kazi umepewa ukaikataa? Ukikosea kubonyeza malipo yanasimama. Nilikuwa na kaunta buku naandika kila mahali nilipoomba, tarehe, jina la aliyenipokea, walisema nini, na karibu kila mstari mwisho wake umeandikwa “watapiga”. Nililimaliza lile daftari nikaanza la pili. Sasa mtu akiniambia wale wanalipwa kwa kukaa namuelewa, hajaona, lkn kukaa ndo kitu ambacho hela ile hairuhusu.

Tuje kwenye wiki 99. Uchumi wa Marekani ulianza kuporomoka Desemba 2007, mikopo ya nyumba ikaoza, mabenki yakayumba, na kufikia Oktoba 2009 wasio na kazi walikuwa asilimia 10. Katikati ya 2009 kwa kila nafasi moja iliyotangazwa kulikuwa na watu zaidi ya sita wasio na kazi. Hebu piga hesabu hapo mwanangu, hata wote sita wawe wachapakazi wa kuamka saa 10 alfajiri, watano lazima warudi nyumbani mikono mitupu, utawalaumu kwa lipi? Ndo maana Juni 2008 Rais Bush alisaini nyongeza ya dharura, ilianza na wiki 13 tu, ikapanuliwa mara mbili mpaka ikafika 53 kwenye majimbo yaliyoumia sana. Halafu kulikuwa na sheria nyingine ya zamani ya 1970 inayoongeza mpaka wiki 20 wasio na kazi wakizidi kwenye jimbo. Ukichukua 26 za kawaida, 53 za dharura na 20 za ile ya zamani unapata 99 zako. Na lazima niwe mkweli kwako, zile 26 ndo bima ya kodi ya mwajiri, nyongeza ilitoka kwenye hazina ya serikali kuu. Mimi naona ilikuwa haki kabisa, maana mama wa zamu ya usiku hakumkopesha mtu nyumba ya uongo na hakuangusha benki ya mtu. Tena hela yenyewe haikai, inaingia Jumanne ikifika Ijumaa imeshakuwa kodi ya nyumba, unga, maziwa ya mtoto, yaani mwenye duka naye anapona. Ofisi ya bajeti ya Bunge lao Januari 2010 ilipima njia mbalimbali za kuinua uchumi, na kuwasaidia wasio na kazi kulikuwa juu kabisa kwa faida ya kila dola.

Lkn tatizo la nyongeza zile zilikuwa za kuombwa ombwa. Kila miezi michache inaisha, wanasiasa wanakaa wanabishana, wanaongeza kidogo. Mwanzoni mwa Juni 2010 ikaisha wao wakiwa wameenda likizo hawajakubaliana. Nyongeza ilikuwa inatolewa kwa awamu, mimi awamu yangu ilikwisha katikati ya mwezi huo na ya kufuata haikufunguka, nikawa sina kitu mpaka Obama aliposaini tarehe 22 Julai. Wiki kama tano hivi. Walilipa za nyuma baadae kweli, lkn mwenye nyumba hapokei za nyuma. Tulikuwa na upatu wa wanawake kumi, zamu haikuwa yangu, wenzangu wakakaa wakasema mpeni yeye, nami nikalia pale pale mbele za watu sijui hata nilikuwa nalia nini.

Wiki hizo hizo nikaitwa kwenye intavyu, kijana mdogo tu, mpole, ana CV yangu mbele yake ameweka kidole kwenye tarehe. Akauliza, miezi 14 hii ulikuwa unafanya nini? Nikasema natafuta kazi. Akaandika kitu, akatabasamu, akasema tutakupigia. Nilijua. Na wala haikuwa bahati mbaya yangu peke yangu, maana kuna wachumi walituma CV za kubuni kama 12,000 hivi kwenye miji 100 ya Marekani, wakabadilisha tu muda ambao mtu amekaa bila kazi, na kadri ule muda ulivyokuwa mrefu ndo simu za kuitwa zilivyopungua, hasa miezi nane ya mwanzo. Yaani mtu yule yule, elimu ile ile. Kuna matangazo yalikuwa yanaandika kabisa kwamba wanataka mtu ambaye yuko kazini sasa hivi, mpaka New Jersey 2011 wakatunga sheria ya kuyapiga marufuku. Mwaka 2010 waliokaa zaidi ya miezi 6 walifika milioni 6.8, karibu nusu ya wote wasio na kazi. Kaka yako yuko kwenye shimo hilo hilo, hata kama nchi nzima haimo.

Sasa kwanini yeye haongezewi. Ile nyongeza ilikatwa tarehe 28 Desemba 2013, siku 3 baada ya Krismasi, watu milioni 1.3 kwa siku moja. Wakati huo waliokaa muda mrefu bila kazi bado walikuwa wengi mno, lkn kwa vile asilimia ya jumla ilikuwa imeshuka ikaonekana yamekwisha. Seneti walipitisha kuirudisha Aprili 2014, kura 59 kwa 38, Baraza la Wawakilishi hawakuipigia kura kabisa, ikafia hapo. Ikaja korona, 2020 wakafungua tena nyongeza kubwa, nayo ikafungwa 6 Septemba 2021. Imebaki ile ya 1970, inafunguka pale tu wasio na kazi jimboni wakipanda sana, kwa hiyo kwa hali ilivyo asiitegemee. Mimi ningeulizwa ningesema iwekwe sheria moja, asilimia ikipanda nyongeza ijiwashe, na isizimwe mpaka wale waliokaa muda mrefu nao wawe wamepungua, watu wasikae wanasubiri huruma ya wabunge.

Kaka yako afanye hivi kabla wiki 3 hazijaisha. Aende kituo cha ajira cha wilaya yake aulize mafunzo, forklift, udereva wa lori, uuguzi msaidizi, kuna mengine yanalipiwa, na aulize mapema kama akisoma malipo yanaendelea. Halafu lile pengo kwenye CV asiliache tupu hata kama ni kujitolea msikitini au kanisani aandike. Na wewe mwanangu usiku huu kaa na baba, mpe simu mkononi kaka akiwa ameshapokea. Mimi marehemu baba yangu aliwahi kuniuliza kwenye simu “umekula?” na sikumbuki kingine alichoniambia mwaka ule.

*Habari mama, naitwa msomaji wa Mwanza. Nakufuatilia sana lkn hili la kuongeza miezi sikubaliani. Binadamu ukimlipa atalegea tu, hata mimi ningelegea. Huku kwetu mtu akikosa kazi anauza nyanya.*

Mwanangu, swali lako ni la haki na wachumi wamelichimba sana. Kulegea kupo, kidogo. Jesse Rothstein, mchumi wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, alipima nyongeza zile za wiki 99, akakuta zilipandisha asilimia ya wasio na kazi mwanzoni mwa 2011 kwa kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ya asilimia moja, wakati wasio na kazi kwa jumla walikuwa asilimia 9. Na sehemu kubwa ya hiyo haikuwa watu kukataa kazi, ni watu kuendelea kutafuta ambao vinginevyo wangekata tamaa wakatoka kabisa kwenye hesabu. Wakati wa korona zile dola 600 za kila wiki ukijumlisha na malipo ya kawaida zilizidi mshahara wa wengi, hilo nakubali walikosea kukadiria. Lkn 2021 karibu nusu ya majimbo yalikata mapema, Juni na Julai, wakisema watu watarudi kazini, na watafiti wakafuatilia akaunti za benki za waliokatiwa, wakakuta kwa kila watu 8 ni mmoja tu ndo alikuwa amepata kazi kwa sababu ya kule kukatwa kufikia Agosti mwanzoni. Na matumizi ya waliokatiwa yakashuka.

Na nyanya. Mimi nimetoka Tanga nimeuza mihogo ya kukaanga na mama yangu, najua. Columbus ukitandika mkeka barabarani uuze chakula bila leseni na bila jiko lililokaguliwa hufiki mchana. Tena mwenye kuuza nyanya Mwanza siku mtaa mzima umeachishwa kazi, nani ananunua?

*Jambo mama. Mimi ni mama wa Bukavu, sasa niko Kentucky, nilikuja kama mkimbizi. Nimetumika mwaka na nusu kwenye kiwanda cha kuku, wametupunguza. Watu wa hapa banasema nisiombe ile pesa, ati green card yangu itakatwa. Imepita wiki tatu sijaomba, niko na watoto wane.*

Pole sana dada. Waliokuambia hivo wanakutakia mema lkn wamekosea. Hela ya kukosa kazi haihesabiwi kwenye kile kipimo cha kumnyima green card mtu anayeonekana atakuwa mzigo kwa serikali, kwa sababu imetokana na kazi yako, na mkimbizi anapoomba green card hata hicho kipimo chenyewe hakimhusu. Kinachotakiwa ni uwe na ruhusa halali ya kufanya kazi, ulifanya kazi muda wa kutosha, na hukuacha mwenyewe. Chukua karatasi za mshahara, barua ya kupunguzwa, na yule aliyekupokea ulipofika mwambie akusaidie kujaza kwenye kompyuta, omba mkalimani ni haki yako, andika “Swahili”. Na ujue Kentucky wamepunguza muda, wiki zinaanzia 12 na hazifiki 26, kwa hiyo usizichezee. Wanahesabu kuanzia wiki uliyoomba, zile tatu zilizopita huenda zimekwenda. Omba kesho asubuhi kabla hujawapeleka watoto shule.