Karoti zenye miguu miwili

Dada, umeuliza kwa nini karoti ulizozihamisha kutoka kitaluni zimetoka fupi na zenye matawi kama tangawizi. Tatizo ni huko kuhamisha. Ule mzizi mwembamba ndio karoti yenyewe. Ukikatika ncha au ukijikunja wakati wa kupandikiza, basi tena.

Panda mbegu moja kwa moja kwenye tuta. Tifua udongo sentimita 30, toa mawe, na samadi iwe imeoza kabisa (mbichi nayo huleta matawi). Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza kwenye vifereji vya kina cha sentimita 1, funika kwa udongo laini, kisha nyasi kavu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: karoti huchukua wiki 1 hadi 3 kuota, na udongo ukikauka juu katikati ya safari hiyo, mbegu zinafia humo humo. Mwagilia taratibu kila siku. Zikichomoza, ondoa nyasi.

Zikifika urefu wa kidole, punguza, ubakize sentimita 5 kati ya mche na mche. Inauma, najua; mimi mara ya kwanza nilizionea huruma, nikavuna nyuzi.

Bitiruti ndiyo huvumilia kuhamishwa, ikiwa bado changa.