Anza na sauti, kamera itafuata

Ndugu yangu, umeuliza ununue kamera gani ya kufanyia mahojiano mitaani Kampala, nawe mfuko wako ni mdogo. Nakuomba sana uanze na sauti. Mtazamaji huvumilia picha ya simu, lakini boda boda zikimeza maneno ya mzee unayemhoji, hamalizi video. Tafuta Boya BY-M1, kipaza sauti cha kubana kwenye kola: waya wake una mita 6, na swichi yake ina upande wa simu na wa kamera. Weka betri ya akiba, LR44.

Kamera? Canon 700D ya mtumba inatosha. Haina tundu la hedifoni, huwezi kusikia sauti unaporekodi; kwa hiyo kabla hujalipa, chomeka kipaza sauti, rekodi huku ukitikisa waya wake, kisha sikiliza kwenye kompyuta. Tundu la kipaza sauti lililolegea hukwaruza.